Kuuza pikipiki iliyotembea sana ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kamili

Pikipiki yenye kilomita elfu themanini inauzika kusini, tena kwa bei ya heshima. Mnunuzi wa Tandahimba au Nachingwea haogopi kilomita kama anavyoogopa kadi ya usajili yenye jina la mtu asiyepatikana. Ukilielewa hilo mapema utaacha kuhangaika na mita, utashughulikia vitu vinavyopandisha na kushusha bei kweli. Mwongozo huu ni wa mwenye Boxer, TVS, Honda, Haojue au nyingine yoyote ya Kichina, iwe ilikuwa bodaboda, ya shamba au ya kwendea kazini.

Hatua ya 1: Zijue kilomita zako, na uziseme

Chukua bodaboda anayeshinda akizunguka stendi ya Chipuputa, Ligula, Mikindani na Naliendele. Akitembea kilomita 120 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anafikisha kilomita 36,000. Mita nyingi za mshale zina tarakimu tano za kilomita. Ikifika 99,999 inarudi sifuri na kuanza upya. Kwa mwendo wa bodaboda wetu, miaka mitatu haitimii kabla mita haijazunguka. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu akiona mita inasoma 12,000 kwenye pikipiki yenye namba ya zamani, anacheka kimoyomoyo tu.

Yeye anasoma kwingine. Anaangalia raba za kukanyagia, mipira ya usukani, pedali ya gia na tundu la ufunguo. Raba zikiwa zimelika mpaka chuma kinang'aa, mita iseme itakavyo. Kwa hiyo usirudishe mita nyuma, wala usimwache fundi akushawishi. Hiyo ni hila inayogundulika mapema, na ikigundulika mnunuzi anaanza kuitilia shaka hata kadi yako ambayo haina tatizo.

Kama waya wa mita ulikatika zamani, sema ulikatika lini na ilikuwa inasoma ngapi. Halafu kadiria: ilikuwa ikienda wapi, mara ngapi kwa wiki, kwa muda gani. "Ilikata kwenye elfu arobaini na moja, tangu hapo miaka miwili naendea Naliendele na kurudi kila siku ya kazi" ni jibu linalomtosha mtu mzima.

Hatua ya 2: Usibebe bei ya nchi nyingine

Siku hizi kijana anaingia mtandaoni, anaona pikipiki ya mwaka kama wa kwake inauzwa Uingereza au Japani, anabadilisha fedha kwa kikokotoo cha simu, kisha anapanga bei. Bei ile haikupatikana kwa mambo yaliyoko huku.

Uingereza pikipiki ikitimiza miaka 3 inaanza kukaguliwa kila mwaka, ukaguzi uitwao MOT. Kila ukaguzi maili zinaandikwa, na yeyote mwenye namba ya usajili anaiona historia hiyo bure kwenye tovuti ya serikali. Kule maili ni ushahidi. Isitoshe, wengi wanaendesha wikiendi na miezi ya jua tu, kwa hiyo pikipiki ya maili 30,000, yaani kama kilomita 48,000, tayari inaitwa iliyotembea sana na bei inashuka. Kwa bodaboda wetu hiyo ni kazi ya mwaka mmoja na miezi michache.

Marekani nao wana orodha za bei kama Kelley Blue Book, ambako unaingiza aina, mwaka na hali ya chombo unapata makadirio, na sheria ya shirikisho inakataza kurudisha mita nyuma. Japani kinachopimwa zaidi ni muda uliobaki wa ukaguzi. Pikipiki inayozidi cc 250 lazima ipite ukaguzi huo, uitwao shaken, kwanza baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2. Yenye miezi mingi ya shaken iliyobaki inauzwa bei nzuri kuliko inayokaribia kudaiwa. Za cc 250 kushuka chini hazina mzigo huo.

India, zinakotengenezwa Boxer na TVS tunazoendesha, usajili wa chombo binafsi ni wa miaka 15. Baada ya hapo kinakaguliwa na kuhuishwa kwa miaka 5 mitano. Kule umri una uzito wake hata kama chombo kimelala ndani. Kwetu hakuna ukomo wa namna hiyo, ndiyo maana unakuta pikipiki kongwe bado inabeba mkaa.

Jambo moja tu linafanana karibu kila nchi: chombo ambacho kila fundi anakijua na spea zake ziko kila duka hakishuki bei haraka. Mwaka 2017 Honda walifikisha pikipiki milioni 100 za aina ya Super Cub zilizotengenezwa, na Vietnam, nchi iliyojaa Honda, familia nzima ya pikipiki hizo inaheshimika sokoni kwa sababu hiyo hiyo. Huku kwetu heshima hiyo wameipata Boxer na TVS. Unaweza kuwa na pikipiki ya Kijapani nzuri kuliko zote, lakini kama plagi tu inaagizwa Dar es Salaam, mnunuzi wa Liwale atakupa bei ya huruma.

Mara nyingine bei inaguswa na uamuzi wa serikali usiohusiana na kilomita hata kidogo. Rwanda tangu Januari 2025 haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kubebea abiria Kigali, inataka za umeme. Kenya mabadiliko ya umiliki yanafanyika NTSA, mamlaka yao ya usafiri, kwa njia ya mtandao na VAT yao ni asilimia 16, wakati yetu ni 18. Kila nchi ina kodi yake na mfumo wake, na hayo yote yamo ndani ya bei unayoiona kwenye skrini.

Sasa Msumbiji, maana ndiyo nchi inayotuhusu. Ukikaa Nanyumbu, Masasi au Mtwara vijijini utamsikia mtu akisema ng'ambo ya Ruvuma wanalipa zaidi. Daraja la Umoja pale Mtambaswala liko wazi tangu 2010, na Kilambo kuna kivuko. Njia zipo. Ila Msumbiji haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pikipiki ikivuka kuuzwa inakuwa bidhaa inayotoka nchi moja na kuingia nyingine: forodha huku, ushuru kule, usajili wako TRA (Mamlaka ya Mapato) ufutwe, na mwenzako aandikishiwe hati zao za Kireno, ikiwemo livrete, kijitabu cha usajili wa chombo. Watu wanaokuambia "vusha tu" wanaruka yote hayo. Cabo Delgado imekuwa na mapigano tangu Oktoba 2017, na vyombo vya usalama pande zote mbili vinaangalia sana nani anapita na nini. Pikipiki yenye jina lako ikikutwa porini huko haina karatasi, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Maoni yangu ni uuze upande huu, tofauti ya laki mbili hailipi usumbufu huo.

Na kinyume chake: mgeni anayezunguka Afrika akifika na pikipiki kubwa ya namba za kigeni, akataka kukuuzia kwa bei ya kutupa, jua imeingia kwa kibali cha muda cha forodha. Haiuzwi kihalali hapa mpaka ushuru ulipwe, na ukijumlisha ushuru na VAT ile bei ya kutupa inapotea.

Hatua ya 3: Kadi kabla ya gereji

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha, kwa hiyo tukae kidogo.

Itoe kadi leo, kabla hujaosha hata pikipiki. Soma jina. Kama ni lako, shukuru, wewe uko mbele ya nusu ya soko. Kama ni la mtu aliyekuuzia, au aliyemuuzia aliyekuuzia, mtafute huyo sasa ukiwa huna presha ya mnunuzi. Pikipiki nyingi za huku zilinunuliwa Dar es Salaam, zikashuka kusini, zikapita mikono mitatu na jina likabaki la mtu wa kwanza. Mtu huyo akibadilisha namba ya simu tu, bei yako imeshuka. Bora umlipe nauli aje, au uende na mkataba wako wa ununuzi, jina libadilishwe kwanza liwe lako.

Kama mwenye jina amefariki, mkataba wa kaka yake au mjane hautoshi. Inatakiwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, ndiye asaini. Inachukua muda, kwa hiyo kama baba aliacha pikipiki na mnajua mtaiuza msimu wa korosho, anzeni mapema.

Kisha linganisha namba. Chukua tochi na mswaki mbovu. Sugua shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, utaiona namba ya chasi imegongwa. Ya injini iko kwenye ganda la injini, kwa pikipiki nyingi jirani na pedali ya gia, na kwa kawaida imefunikwa na oili na vumbi jekundu lililoganda kama lami. Soma herufi kwa herufi na kadi. Ukikuta injini si ile ya kwenye kadi kwa sababu iliwahi kubadilishwa, nenda TRA ulizie utaratibu wa kurekebisha kumbukumbu, ukiwa na risiti ya injini hiyo. Usimwachie mnunuzi aligundue hilo mwenyewe.

Namba ya chasi inasema na asili. Ikianza na L imetengenezwa China, J ni Japani. MD2 ni Bajaj ya India, MD6 ni TVS ya India. Wapo wanaobandika stika na tangi la Boxer juu ya fremu ya kitu kingine, na wanunuzi wa siku hizi wameshajua kukagua. Kama yako ni halisi, waonyeshe wewe mwenyewe kabla hawajauliza.

Madeni nayo. Faini za barabarani zinaonekana kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kuingiza namba ya usajili, lipa zote. Bima inaangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Kama ilikuwa ya biashara, weka tayari leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hata kama imeisha muda, inasaidia kueleza historia. Kama ulichukua kwa mkopo na kadi bado iko kwa mkopeshaji, huna unachouza bado. Maliza deni, pata barua ya kumaliza, chukua kadi, hakikisha kifaa cha kufuatilia kimeondolewa, ndipo utangaze.

Halafu kuna pikipiki ya mkataba. Umempa kijana, analeta hesabu kila siku, mlikubaliana akimaliza ni yake. Amebakiza miezi minne, wewe una shida ya fedha, unataka kuuza. Kisheria kadi ina jina lako, ila fedha ya yule kijana imo ndani ya chombo, na maandishi mliyosaini yanaweza kukupeleka pabaya. Kaeni, pigeni hesabu ya alichokwisha kulipa, mpe nafasi ya kwanza ya kununua. Mara nyingi ndiye mnunuzi bora, anaijua pikipiki kuliko wewe.

Hatua ya 4: Gereji, na mwisho wa kutumia fedha

Tengeneza vitu vya bei ndogo vinavyoonekana au kusikika. Mwaga oili, weka mpya. Badilisha plagi. Kaza cheni. Breki shu za nyuma zikiwa zimekwisha, weka nyingine. Taa, honi, indiketa na stata vifanye kazi vyote. Safisha au badilisha eya klina, maana vumbi la Makonde linaingia kila mahali na injini iliyozibwa pumzi inakula mafuta na kutoa moshi mweusi bure.

Kwa walio pwani, Shangani, Msimbati, Mikindani au Lindi mjini, adui ni chumvi. Inakula spoku, rimu, eksozi na chini ya tangi. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, sugua kutu kwa brashi ya waya, pakaa mafuta kidogo. Ila usipake rangi juu ya kutu. Rangi mpya kwenye fremu ya zamani inamfanya mnunuzi aulize: hii ilianguka wapi?

Usishushe injini ili uuze. Wauzaji wengi hujisifu "haijawahi kufunguliwa", lakini kwa pikipiki ya kilomita elfu tisini, injini iliyofunguliwa na fundi anayejulikana, ringi na cheni ya taimingi zikabadilishwa na risiti zipo, ni bora kuliko isiyojulikana ya ndani. Tatizo ni kufungua wiki moja kabla ya kuuza. Hutarudisha gharama, na mnunuzi atahisi unaficha jambo. Kama inatoa moshi wa bluu, inakula oili: mwambie, mpunguzie, atengeneze kwa fundi wake.

Siti iliyochanika shonesha. Hiyo inalipa kuliko tairi mpya.

Hatua ya 5: Msimu

Huku fedha ina majira yake kama mvua. Minada ya korosho kwa kawaida inaanza Oktoba, na malipo yanaingia kwa wakulima kupitia vyama vya msingi na benki mpaka Desemba, wakati mwingine Januari. Wakati huo mtu wa Newala au Tandahimba, kwenye chama kikuu cha ushirika TANECU, au wa Masasi na Nanyumbu walio chini ya chama kikuu cha MAMCU, anashuka mjini ana fedha mkononi na nia ya kununua. Upande wa Lindi, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ufuta unaingiza fedha kabla ya korosho, kwenye Juni na Julai. Kwa hiyo mwenye pikipiki Lindi ana milango miwili kwa mwaka.

Mwezi wa tatu na wa nne ni kinyume. Mvua bado inanyesha, shule zimeshakula ada, korosho haijachanua. Ukiuza wakati huo unauza kwa dalali, na yeye atakaa nayo akisubiri Oktoba. Kama hauna dharura, ifunike, iwashe kila wiki, subiri.

Ila msimu una upande wake wa pili. Oktoba maduka nayo yanajaza pikipiki mpya. Mkulima aliyepata bei nzuri anataka mpya na stika zake, hataki kusikia ya kwako. Mnunuzi wako ni yule aliyepata kiasi cha kati, au anayenunulia kijana wake aanze biashara. Kwa huyo, tofauti kati ya yako na mpya lazima iwe kubwa ya kuonekana.

Hatua ya 6: Bei

Pita vijiweni. Uliza mafundi watatu na madereva wa kijiwe kimoja cha Mtwara na kimoja cha Masasi: aina kama yako, namba zinazokaribiana na zako, zinauzwa ngapi? Watakutajia bei za kutaja, na bei ya kukabidhi huwa chini yake.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mpya dukani ni milioni 3. Zilizotumika za namba inayokaribia yako zinatajwa kati ya milioni 1.7 na 1.9. Yako inadai tairi ya nyuma na cheni seti, fundi anasema laki moja na thelathini. Jina ni lako, haina faini, injini inawaka kiki moja. Taja 1,850,000 na uamue moyoni kwamba chini ya 1,650,000 hutoki. Kama jina lingekuwa la mtu wa Dar asiyepatikana, pikipiki ile ile ingekuwa ya milioni moja na laki mbili, na bado mnunuzi angekuja na shemeji yake polisi kuikagua.

Dalali akikwambia atakuuzia kwa bei yako na ataweka cha juu chake, sawa, lakini kadi usimpe. Apige picha pikipiki, alete mtu.

Watu wa mjini wanapenda cc 100 na 125 kwa sababu ya mafuta. Wa vijijini, wanaopanda mteremko wa Newala na magunia nyuma, wanataka 150 yenye keria na shokapu zilizo hai. Yako ikiwa 150, lipeleke tangazo lako huko.

Hatua ya 7: Tangazo

Piga picha asubuhi, pande zote mbili, injini kwa karibu, mita ikiwa imewaka. Weka na picha ya kasoro: tangi lililobonyea, eksozi yenye kutu. Usiweke picha ya kadi mtandaoni, kuna watu wanatengeneza karatasi kwa picha hizo. Andika aina, cc, herufi za namba, kilomita, jina la kadi ni la nani, kasoro, mahali, bei. Mistari sita inatosha. Usiandike "iko vizuri sana", kila mtu anaandika hivyo.

Hatua ya 8: Mnunuzi anapokuja

Mwite asubuhi, na usiiwashe kabla hajafika. Aguse mwenyewe ganda la injini, alikute baridi, kisha apige kiki. Pikipiki iliyotembea sana ikiwaka baridi kwa kiki moja au mbili, hotuba yako yote haihitajiki tena. Ukiiwasha kabla, mnunuzi makini atagusa eksozi na kujua.

Majaribio ya barabarani: panda naye nyuma, au aache fedha yote kwa mtu mnayemwamini wote. Kitambulisho peke yake hakitoshi, wala mwenzake aliyekuja naye, maana wanaweza kuwa kitu kimoja. Mchagulie njia yenye kipande cha lami na kipande cha mchanga.

Maongezi yatakwenda hivi:

"Mkubwa, hii imechoka. Elfu tisini hizi!"

"Imetembea, sikatai. Umeiwasha mwenyewe ikiwa baridi. Risiti za ringi hizi hapa. Jina la kadi ni langu, tukikubaliana tunakwenda TRA leo leo."

"Nakupa milioni na nusu taslimu, shekhe, tumalize."

"Milioni na nusu ni ya isiyo na kadi. Tairi nimekubali ni mbovu, nakutolea hiyo. Njoo na moja na laki saba."

Usimtukane wala kumcheka anayetaja bei ya chini, aondoke kwa amani. Wengi wanarudi jioni baada ya kuona zile zenye kadi za watu wengine.

Hatua ya 9: Fedha, mkataba, TRA

Fanya hivi vitatu siku moja, kwa mpangilio huu.

Andikianeni mkataba kwa wakili. Mtendaji au mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa shahidi, lakini kwa kubadilisha umiliki mhuri wa wakili unakuepusha na safari ya pili. Uwe na majina kamili, namba za NIDA, simu, namba ya usajili, chasi na injini, kilomita zinavyosomeka, kasoro mlizokubaliana, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ni muhimu: ajali ya jioni ile isiwe yako. Andikeni bei halisi. Wapo wanaoandika ndogo ili ushuru wa stempu upungue, lakini mkigombana mahakamani, aliyelipa milioni 1.7 atakuwa na karatasi inayosema laki nane.

Fedha nyingi zipokelee benki, ziingie kwenye akaunti yako mkiwa kaunta. Kwa mtandao wa simu, angalia salio lako, usiangalie meseji. Meseji ya kughushi inafanana na ya kweli mpaka nukta.

TRA mwende wote wawili, Mtwara au Lindi. Mnahitaji kadi halisi, mkataba, vitambulisho, picha, na kila mmoja awe na TIN. Mnunuzi asiye na TIN anaanzia hapo. Kuna ada ya uhamisho, ada ya kadi mpya na ushuru wa stempu unaotokana na thamani, mtapewa namba ya malipo na mtalipa benki au kwa simu. Kabla ya siku hiyo mmoja wenu aulizie viwango vya sasa, na mkubaliane mapema nani analipa. Kawaida ya huku ni mnunuzi, lakini kama unataka jina litoke haraka, changia nusu. Ni fedha ndogo kwa usingizi utakaoupata.

Bima usiiache inaelea. Iko kwa jina lako, mjulishe wakala wako kwamba umeuza, na mnunuzi akate yake kabla hajatoka barabarani, maana bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria.

Hatua ya 10: Mnunuzi akichelewa kubadilisha jina

Hutokea mnunuzi anatoka Liwale, siku imekwisha, mfumo uko chini, anasema nitarudi wiki ijayo. Baki na nakala ya kila kitu: mkataba, kitambulisho chake, picha yake akiwa amesimama na pikipiki, risiti ya benki. Mwekee kwenye mkataba siku ya mwisho ya kubadilisha. Siku hiyo ikipita, mpigie, na kama hapokei andika barua TRA ukiambatisha mkataba, nakala ipeleke kituo cha polisi na uombe ipigwe mhuri wa kupokelewa. Endelea kuingiza namba ile ile kwenye mfumo wa faini mara moja kwa mwezi, na ukiona faini ya tarehe iliyo baada ya saa mliyoandika, mtumie yeye picha ya faini hiyo, pamoja na ukurasa wa mkataba wenye sahihi yake.